Mwongozo kamili wa kuanzisha shamba la makadamia Arusha na Moshi, kwa waliokwisha kupoteza miche

Kila masika yanapokaribia hunijia watu wa namna mbili. Wa kwanza wanataka kupanda pistashio, ile kokwa ya kijani ambayo maduka ya Wahindi huiita pista, kwa sababu wameona inavyouzwa ghali. Wa pili walikwisha kupanda makadamia ekari moja au mbili, na sasa wanahesabu vigingi vilivyosimama peke yake bila mche pembeni.

Wale wa kwanza nawajibu upesi. Mti wa pistashio hulala wakati wa baridi, na ili uamke na kuchanua sawasawa, aina nyingi za kibiashara hudai saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za sentigredi. Baridi hiyo ipo Iran, Uturuki na California. Mjini Arusha, hata usiku wa Julai, hewa kwa kawaida haifiki huko, na Moshi ndiyo zaidi. Mche utaota na kutoa majani, nawe utausubiri miaka mingi bila kuona tunda. Makadamia haihitaji kulala. Usiku wa kipupwe wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru unatosha kuifanya itoe maua. Kwa hiyo, anayetaka kokwa za biashara katika eneo letu na apande makadamia.

Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa wale wa pili. Mimi mwenyewe, katika shamba langu la kwanza huku Kibosho, nilipoteza miche 38 kati ya 60 kabla haijatimiza miaka miwili, na sababu zote nilizozigundua baadaye zimo humu.

## Vitu vya kuandaa kwa ekari moja

Kwa nafasi ya mita 8 kati ya mistari na mita 5 kati ya miti, ekari moja huchukua miti 100 hivi. Andaa yafuatayo kabla ya kugusa jembe:

- Miche 110 iliyobebeshwa, yaani kijiti cha mti mama kimeungwa juu ya shina la mche mwingine, ya aina mbili au zaidi. Kumi ya ziada ni ya kuziba mapengo.
- Samadi ya ng'ombe au mboji iliyooza kabisa, debe moja kwa kila shimo.
- Vigingi 100 vya kupimia na vijiti 100 vya kuegemeza miche.
- Kamba ndefu, futi kamba, sururu, koleo, jembe na toroli.
- Matandazo: majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi au nyasi zisizo na mbegu.
- Mkasi wa kupogolea wenye makali, na spiriti ya kuusafishia.
- Maji ya uhakika kwa miezi 24 ya kwanza, iwe ni mfongo (mfereji wa kumwagilia), kisima au tangi.
- Majibu ya kipimo cha udongo.

Anayetaka kubebesha mwenyewe aongeze kisu chembamba chenye makali ya wembe, utepe wa nailoni, vifuko vidogo vya plastiki angavu, viriba virefu, mchanga wa mtoni na neti ya kivuli.

## Hatua ya 1: Pima mahali kabla ya kupima mfuko wako

Makadamia hustawi vizuri zaidi penye joto la nyuzi 16 hadi 25. Likipanda na kukaa juu ya 30, mti husimama kukua na kokwa changa hudondoka. Kwa eneo letu, maana yake ni mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari: Machame, Kibosho, Old Moshi na Marangu kwa upande wa Kilimanjaro, Tengeru, Usa River na miteremko ya Meru kwa upande wa Arusha. Tambarare zilizo chini ya mji wa Moshi, kuelekea Kahe, zina joto kupita kiasi, na mahali pengi udongo wake una chumvi. Nakuomba usipande huko hata kama ardhi ni ya bure.

Mvua isiwe chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, la sivyo uwe na maji ya kumwagilia. Kuhusu maji hayo, kuna jambo ambalo wakulima wa Arumeru hulisahau: baadhi ya vijito na visima kuzunguka Mlima Meru vina magadi. Makadamia hupenda udongo wenye uchachu kiasi, pH ya 5.0 hadi 6.5, na maji ya magadi huuvuta udongo kwenda upande mwingine kidogo kidogo hadi mti unageuka njano. Pima maji pamoja na udongo. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungu, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia kipimo.

Kisha chimba shimo la majaribio la kina cha mita 1, lijaze maji jioni na ulitazame asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, mizizi itaoza. Makadamia huvumilia ukame mfupi kuliko inavyovumilia miguu iliyolowa.

Onyo: Usipande mahali ambapo miparachichi imekufa kwa kuoza mizizi. Ukungu wa Phytophthora cinnamomi unaoua mparachichi huishambulia makadamia pia, nao hukaa udongoni muda mrefu. Kwa jinsi parachichi zilivyoenea Kilimanjaro na Arumeru miaka hii, swali la kwanza kwa mwenye shamba unalotaka kulinunua au kulikodi liwe: hapa palikuwa na nini, na kilikwenda wapi?

Utajua umefaulu: maji ya shimo yameisha kabla ya asubuhi, pH iko ndani ya kipimo, na hakuna mwamba wala tabaka gumu hadi mita 1.

## Hatua ya 2: Chagua mche kwa macho na vidole

Hapa ndipo mashamba mengi yanapopotea, na mwenyewe hugundua miaka saba baadaye.

Mche uliooteshwa kwa mbegu bila kubebeshwa hauna shukrani ya haraka: huchukua miaka 7 hadi 10 au zaidi kuzaa, tena hujui utazaa kokwa za namna gani, kwa sababu kila mbegu ya makadamia ni mtoto wa baba asiyejulikana. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 4 au wa 5, na kokwa zake zinafanana na za mti mama. Watu wanajua hili, na bado wanauziwa miche ya mbegu. Huko nyuma niliuziwa miche ya namna hiyo na kitalu kilichoniapia kuwa yote imebebeshwa. Sikuwa nimejua pa kutazama.

Tazama hivi. Shika shina sentimita 20 hadi 30 kutoka udongoni na utafute kovu la kuungia: mahali ambapo gome limebadilika rangi, limevimba kidogo, na mara nyingi shina limepinda kidogo kabla ya kunyooka tena. Pitisha kidole gumba. Kovu halisi huhisiwa hata kwa macho yaliyofungwa. Shina lililonyooka laini kutoka chini hadi juu ni la mbegu. Tazama na majani pia: aina laini, Macadamia integrifolia, kwa kawaida hutoa majani matatu kwenye kila kifundo, yenye ukingo usiochoma sana, na machipukizi yake ni ya kijani kibichi. Aina ya tetraphylla hutoa majani manne yenye miiba mingi ukingoni, na machipukizi yake yana wekundu. Viwanda vingi hupendelea ya kwanza kwa ubora wa kiini chake. Ya pili huvumilia zaidi baridi ya juu na hutumika sana kama shina la kubebeshea.

Baada ya shina, tazama mizizi. Mwombe muuzaji akukatie kiriba kimoja, nawe umlipe mche huo. Mzizi mkuu unapaswa kushuka wima. Ukiwa umejiviringa kama kamba chini ya kiriba, au umepinda mithili ya ndoana, usiuchukue hata mmoja katika kundi hilo, kwa kuwa ilikaa pamoja na kulelewa pamoja. Mti wa namna hiyo hukua vizuri miaka mitatu au minne, kisha upepo wa kwanza wa nguvu huulaza ukiwa na kokwa zake. Sijaona hasara inayouma kama hiyo.

Chukua aina mbili au zaidi zinazochanua wakati mmoja. Mti wa makadamia hujichavusha kwa shida, na ukizungukwa na ndugu zake wa aina ileile tu, maua mengi yatapukutika bure. Kenya, ambayo imelima zao hili kwa muda mrefu katika kaunti za Murang'a, Kirinyaga na Embu, ina aina zake zilizochaguliwa kwa nyanda za Afrika Mashariki, kama vile KRG-15, MRG-20 na EMB-1; kuna pia zile za Hawaii zinazojulikana kwa namba, kama 246, 344 na 741.

Onyo: Ukitaka miche kutoka Kenya, omba kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, yenye makao yake Arusha, na hakikisha muuzaji anakupa cheti cha afya ya mimea cha upande wake. Miche inayovushwa usiku kupitia njia za panya kule Tarakea au Holili huja na udongo wake, na udongo huo unaweza kubeba ule ukungu niliokwisha kuutaja. Anayeokoa gharama ya kibali kwa siku moja anaweza kuliambukiza shamba la jirani kwa kizazi kizima.

Utajua umefaulu: kila mche una kovu, una urefu wa sentimita 60 hadi 100, majani yake ni ya kijani iliyokolea, na mzizi wake umenyooka.

## Hatua ya 3: Kama unabebesha mwenyewe

Anayetaka kununua na aruke hatua hii. Anayetaka kubebesha asome mara mbili, kwa maana makadamia si embe wala parachichi. Mti wake ni mgumu, na kikonyo, yaani kile kijiti cha mti mama kinachopachikwa juu ya shina la mche, kikikatwa bila maandalizi hufa kabla hakijaungana.

Anza na shina la chini. Tumia kokwa zilizoanguka msimu huohuo, zilizomenywa ganda la kijani, na uziloweke siku moja au mbili, zinazoelea zitupe. Zilaze kwenye tuta la mchanga, kina cha sentimita 2 au 3, na uzibe kwa wavu dhidi ya panya, ambao watazifukua zote kwa usiku mmoja. Kuota huanza baada ya wiki 4 hadi 8, na nyingine huchelewa miezi. Hamishia kwenye viriba virefu, nawe usikunje mzizi hata kidogo. Subiri hadi shina lifike unene wa penseli, jambo linalochukua mwaka mmoja au zaidi. Wasio na subira hubebesha shina jembamba kama bua la ufuta, kisha wanalaumu kisu.

Siri iko kwenye kikonyo. Wiki 6 hadi 8 kabla ya kukikata, chagua kwenye mti mama tawi lililokomaa la unene wa penseli, lenye gome lililoanza kuwa la kijivu, nawe uliondolee gome kwa kulizunguka, upana wa sentimita 1 hadi 2, bila kukata mti wa ndani. Chakula kinachotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka kwenda mizizini, hivyo hujilimbikiza kwenye tawi kama wanga. Wanga huo ndio utakaokilisha kikonyo wiki zile ambazo hakina mzizi. Unaweza kuhakikisha: kata kipande cha tawi, kidondoshee tone la iodini ya duka la dawa, na likigeuka buluu iliyokaribia weusi, tawi limeshiba. Likibaki na rangi ya kahawia, subiri.

Siku ya kubebesha fanya hivi:

1. Kata kikonyo cha sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo viwili au vitatu, juu ya pale ulipoondoa gome. Kata majani yote, ukiacha vishina vifupi vya majani hayo. Kifunge kwenye gazeti lililoloweshwa na ukitumie siku hiyohiyo.
2. Kata kichwa cha shina la chini kwenye sentimita 20 hadi 30, ukiacha majani machache chini ya mkato. Majani hayo huendelea kuilisha mizizi. Wanaoyaondoa yote hupoteza mche mzima.
3. Pasua shina katikati, kina cha sentimita 3 au 4. Chonga kikonyo pande mbili kwa mkato mmoja kila upande, mfano wa kabari. Ukichonga kwa kupapasapapasa, uso hautakuwa bapa na hewa itabaki ndani.
4. Ingiza kabari, ukihakikisha gome la kikonyo na gome la shina vimelingana angalau upande mmoja. Muungano hutokea pale chini ya gome, wala si katikati ya mti.
5. Funga kwa utepe kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, funika kwa kifuko angavu, na uweke chini ya neti ya kivuli.

Usibebeshe siku ya jua kali wala ya mvua kubwa, na usafishe kisu kwa spiriti baada ya kila mche. Kila wiki vunja machipukizi yanayotoka chini ya kovu, kwani yakiachwa yatakula chakula cha kikonyo.

Utajua umefaulu: baada ya wiki 4 hadi 8 vichipukizi vimevimba na kufunguka ndani ya kifuko. Kifungue kidogo kwa siku kadhaa kabla ya kukiondoa. Kikonyo kilichobaki kijani bila kuchipua bado kina matumaini. Kilichosinyaa na kuwa cheusi ng'oa utepe, usubiri shina lichipue upya, ubebeshe tena.

## Hatua ya 4: Mashimo

Chimba Januari ili upande Machi. Pima mistari kwa kamba, na kwenye mteremko ifuate kontua badala ya kushuka na maji. Kila shimo liwe na sentimita 60 kwa 60 kwa kina cha 60. Udongo wa juu ukae upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wiki mbili kabla ya kupanda, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza, urudishe, nao ufanye kichuguu cha sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi. Udongo utashuka wenyewe. Usipoinua kichuguu, mche utajikuta kwenye bakuli la maji mwezi Aprili.

Onyo kubwa: Usitie mbolea za fosforasi kama DAP na TSP shimoni kwa mazoea, wala mbolea ya mawe ya fosfeti ya Minjingu, wala mavi ya kuku kwa wingi. Najua inasikika kama kukunyima chakula. Makadamia ina mizizi ya pekee, iliyosongamana kama brashi ya chupa, inayokamua fosforasi kutoka udongo maskini. Ukiimwagia fosforasi nyingi hushindwa kuchukua madini ya chuma, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hivyo ndivyo nilivyoua sehemu kubwa ya ile miche 38: konzi ya DAP kwa kila shimo, kama nilivyozoea kwa mahindi. Ni kweli kwamba udongo wetu wa volkano hushikilia fosforasi na mahali pengine unaihitaji, lakini hilo huamuliwa na kipimo cha maabara, wala si kwa kukisia.

## Hatua ya 5: Kupanda

Panda mvua za masika zikishakolea, udongo ukiwa umelowa hadi chini. Vuli haifai sana, kwa sababu mche uliopandwa Novemba hukutana na jua kali la Januari na Februari kabla haujashika.

Mwagilia kiriba siku moja kabla. Kata kiriba kwa wembe upande mmoja na chini, teremsha mche na donge lake lote shimoni, kisha vuta plastiki. Usishike shina na kuning'iniza donge. Mizizi ya makadamia ni laini mno, na ikikatika mche hunyauka hata ukiwa kwenye tope. Uso wa donge ulingane na uso wa kichuguu, na kovu la kubebeshea libaki wazi, sentimita 10 au zaidi juu ya udongo. Shindilia kwa viganja, si kwa kisigino. Mwagilia lita 10 hadi 20 hata kama mvua inanyesha, ili udongo uishike mizizi. Funga mche kwenye kijiti kwa fundo legevu.

Panda aina kwa kupokezana: mistari miwili ya moja, mistari miwili ya nyingine.

Upande unakotoka upepo, panda mstari wa migrivea. Iache mita kadhaa mbali, maana mgrivea ni ndugu wa makadamia wa ukoo mmoja, nayo ina mizizi ya namna ileile inayogombania chakula kilekile.

Utajua umefaulu: kati ya wiki ya 6 na ya 10 mche unatoa majani mapya. Majani ya zamani yakining'inia asubuhi, kabla ya jua, mizizi ina shida: fukua kidogo kwa mkono uangalie kama kuna maji yaliyotuama.

## Hatua ya 6: Miezi 24 ya kwanza

Mara mvua zikikatika, lita 20 kwa kila mche kwa wiki, kwa mkupuo mmoja au miwili. Maji kidogo ya kila siku hulainisha uso tu na kuizoesha mizizi kukaa juu.

Matandazo yawe mazito, sentimita 10, lakini yasiguse shina. Yaache umbali wa kiganja. Yakigusa, gome huoza na mchwa hupata ngazi. Palizi ndani ya mita 1 ya mti ifanywe kwa mkono, kwa sababu jembe hukata mizizi inayolisha mti, ambayo ipo karibu sana na uso. Katikati ya mistari unaweza kupanda maharage, au miche ya kahawa kama ni kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga), mradi usiusogelee mti.

Fuko ni adui asiyeonekana. Ukikuta mche umelegea ghafla na unang'oka kwa vidole viwili, ameshapita chini. Tega kwenye njia zake mapema, kabla hajazoea shamba.

## Hatua ya 7: Kuuelekeza mti

Makadamia ikiachwa hutoa vichwa vitatu au vinne vinavyopanda wima vikibanana, na pale vinapoungana ndipo mti hupasuka upepo ukivuma. Kazi hii huchukua dakika mbili kwa mti mmoja, na karibu hakuna anayeifanya.

Mti ukifika kati ya sentimita 80 na mita 1, kata ncha yake. Kwenye kifundo kilicho chini ya mkato yatatoka machipukizi matatu yanayokwenda juu. Chagua moja lililonyooka liwe shina kuu. Mawili yaliyobaki yakate ukiacha kisiki cha sentimita 1. Usiyang'oe. Katika kila pembe ya jani mti huu umehifadhi vichipukizi kadhaa vilivyopangana wima. Ukikata cha juu na kuacha kisiki, cha chini yake huamka, na tawi linalotoka hapo hulala kuelekea pembeni badala ya kupanda. Tawi la namna hiyo halipasuki. Rudia kila shina kuu linapoongezeka sentimita 40 hadi 50, hadi mti uwe na ghorofa nne au tano za matawi, kisha uuache.

## Hatua ya 8: Maua na wadudu

Maua hutoka kwa mikia mirefu inayoning'inia, myeupe au ya waridi. Weka mizinga ya nyuki karibu, na mikia ikiwa wazi usipulize dawa ya wadudu kabisa. Kutoka ua hadi kokwa iliyokomaa ni miezi 6 hadi 7.

Wadudu wafyonzao wa jamii ya kunguni na viwavi watobozi ndio wanaoharibu kiini ndani ya ganda bila wewe kuona kwa nje. Kinga kubwa ni usafi: kokwa zote zilizodondoka zikiwa changa ziokotwe na kuzikwa kwa kina, kwa sababu kiwavi huhamia mti mwingine kutoka humo.

Wenye mbwa shambani wajue kuwa makadamia ni sumu kwa mbwa. Akizila hulegea miguu ya nyuma na kutapika. Mfunge wakati wa mavuno.

## Hatua ya 9: Kuvuna

Kokwa iliyokomaa huanguka yenyewe. Kazi yako ni kufyeka chini ya miti kabla ya msimu na kuokota kila wiki, na siku za mvua mara mbili kwa wiki.

Anayekwea mti na kukwanyua, au kutikisa matawi kwa fimbo ndefu, anavuna maji. Mafuta huingia kwenye kiini katika wiki za mwisho, na kiini kilichokatiwa njia husinyaa kikikaushwa, kikawa kama ngozi iliyokunjamana. Tatizo hili limekuwa kubwa nchini Kenya kiasi kwamba mamlaka ya kilimo huko imekuwa ikifunga msimu wa kuvuna kwa miezi kadhaa ili kokwa zikomae. Nasi tusisubiri kufungiwa.

Kama hofu ya wezi inakusukuma, pima kwanza: pasua ganda la kijani la kokwa kumi kutoka miti mbalimbali. Upande wa ndani wa ganda ukiwa mweupe, bado. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, na ganda gumu nalo likiwa na rangi hiyo, zimekomaa.

## Hatua ya 10: Kukausha, kupima na kuuza

Menya ganda la kijani ndani ya saa 24. Likiachwa hupata moto kama lundo la mboji, na kiini hugeuka rangi. Tandaza kokwa kwenye kichanja cha waya, kivulini, penye upepo, unene usiozidi sentimita 10, na uzigeuze kila siku. Zinaanza na unyevu wa karibu asilimia 30, na unataka zishuke hadi 10 hivi kabla ya kuuza. Kwa hali ya hewa ya Moshi ni wiki 2 hadi 6. Jua la moja kwa moja hupasua ganda na kuyachachusha mafuta. Ukitikisa kokwa sikioni na kiini kikacheza, zimekaribia. Zihifadhi kwenye magunia ya katani juu ya mbao, kamwe si kwenye mifuko ya plastiki, ambamo ukungu huanza ndani ya siku chache.

Bei ya dunia ya makadamia ilianguka vibaya mwaka 2022 na 2023, na waliotegemea bei ya mwaka uliotangulia waliumia. Kwa hiyo zungumza na wanunuzi wawili au watatu kabla ya mavuno, nawe usiende mikono mitupu. Chukua kokwa 100 bila kuchagua na uzipime kwenye mizani ya duka. Zivunje zote, toa vilivyooza na vilivyotobolewa, pima viini vizuri peke yake, kisha gawanya uzito wa viini kwa uzito wa kokwa. Kokwa za gramu 700 zikikupa gramu 231 za viini, umepata asilimia 33, na hicho ni kiwango cha kuzungumzia bei.

Mwishoni, kausha viini hivyo zaidi hadi vivunjike kwa mlio, uvitumbukize kwenye bakuli la maji ya kawaida. Vinavyoelea vina mafuta ya asilimia 72 au zaidi, navyo ndivyo daraja la kwanza. Andika vingapi vimeelea na vingapi vimezama, kwa kila aina ya mti peke yake, na karatasi hiyo uiweke mezani kabla mnunuzi hajataja bei yake.